Nani Aliyeharibu Ziwa Mweru? Historia ya Ardhi Oevu na Somo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha kuhusu mazingira anaifahamu sentensi hii: "Mazingira yetu yameharibiwa na wananchi wasio na elimu." Aghalabu hujitokeza katika aya ya pili, na haichukui muda kabla ya sentensi pacha kuifuata: "Serikali inapaswa kuwaelimisha wananchi ili mazingira yarejeshwe." Kisarufi sentensi hizi hazina dosari. Upatanisho wa ngeli ni sahihi, kauli ya kutendwa imetumika ipasavyo, na mtahini hutoa alama zake akaendelea na karatasi nyingine. Jambo tusiloliuliza mara nyingi ni kama sentensi zenyewe ni za kweli.

Makala haya yanakusudia kuzipima sentensi hizo kwa historia ya mahali pamoja, yaani ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, palipo na kijiji cha wavuvi cha Kabuta katika wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula. Tumelichagua ziwa hili kwa sababu mbili. Kwanza, kudidimia kwake kumeandikwa na wanahistoria, wanaanthropolojia na wataalamu wa samaki kwa zaidi ya nusu karne, hivyo tunaweza kumtafuta mtenda bila kubahatisha. Pili, ingawa kwa upande wa Zambia lugha kuu ya hapo ni Kibemba, Kiswahili kina historia ndefu kandokando ya maji hayo.

Msomaji wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, atakumbuka vita vyake na Nsama wa Itabwa mwaka 1867. Nchi hiyo iko kati ya Ziwa Tanganyika na Mweru. Novemba mwaka huohuo David Livingstone alifika Mweru, akaingia mjini kwa Mwata Kazembe na kuwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wamekwisha kutangulia. Mbele ya Nchelenge kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo ya Kongo upo mji wa jina hilohilo. Kuanzia mwaka 2017 vita vya Kongo viliwavusha maelfu ya wakimbizi hadi Nchelenge, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hiyo. Wengi waliohamia hapo walikuja na Kiswahili chao cha Katanga. Kwa hiyo tunapoizungumzia Kabuta hatutoki nje ya nyumba ya Kiswahili. Tumesogea tu kwenye kibaraza chake cha magharibi.

Ziwa na istilahi yake

Ziwa Mweru lina eneo la takriban kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula huingia kusini ukitoka kwenye maziwa na vinamasi vya Bangweulu, na kabla ya kuingia ziwani hujitandaza katika bonde pana la mafunjo, matete na vidimbwi. Maji hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa jina la Mto Luvua, ambao hujiunga na Lualaba. Maji anayoyachota mama wa Kabuta leo yataishia katika Bahari ya Atlantiki, maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mandhari ya aina hii ndiyo inayoitwa siku hizi "ardhi oevu". Istilahi hii ni changa. Wazee wetu walikuwa na kinamasi, dimbwi, bwawa na tingatinga (kabla neno hili halijatekwa na mashine ya kusukuma udongo), na kila neno lilitaja kitu chake. Istilahi ya jumla ilihitajika baada ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1988, Kenya mwaka 1990, Zambia mwaka 1991, na Tanzania mwaka 2000. Katika ukanda huu Zambia imeyaandikisha Bangweulu (1991) na Mweru Wantipa (2007), lililo jirani upande wa mashariki. Ziwa Mweru lenyewe halimo katika orodha hiyo. Ni ziwa la kazi, na historia yake ni historia ya watu kufanya kazi.

Kapu la udongo na chungu cha maji

Kabla ya kuuliza nani aliliharibu ziwa, tuulize lilikuwa la nani. Masimulizi ya Luapula yana jibu, nalo linasimuliwa hadi leo hasa wakati wa sherehe ya Mutomboko ambayo Mwata Kazembe huifanya kila mwezi Julai huko Mwansabombwe. Mtawala wa ziwa aliitwa Nkuba, wa watu wa Shila. Nkuba alimuua mwana wa dada yake, Nachituti. Mama huyo, kwa uchungu, alikwenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba akashindwa na kuuawa, na Nachituti akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa.

Ian Cunnison, aliyeishi Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1959, aliyachukulia masimulizi ya aina hii kuwa ndiyo katiba ya bonde hilo. David Gordon, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, alikwenda mbele zaidi na kuonyesha kwamba zawadi ya Nachituti haikuwafuta wenyeji wa kwanza. Kazembe alipata utawala, lakini koo za wenyeji ziliendelea kuwa "wenye" maji na vidimbwi. Wao ndio waliotambika kwa mizimu, na wao ndio waliosema lini kidimbwi fulani kivuliwe na lini kiachwe. Mgeni alivua kwa ruhusa na kutoa sehemu ya samaki wake.

Hatutaki kuwafanya wazee hao wataalamu wa uhifadhi kabla ya wakati. Matambiko yalilinda mamlaka ya koo kwanza, na wavuvi walikuwa wachache huku soko likiwa karibu. Hata hivyo, jambo moja ni wazi: maji yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alijulikana kwa jina na aliweza kulaumiwa.

Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Leopold wa Ubelgiji ulipitisha mpaka katikati ya mto na ziwa. Upande wa magharibi ukawa wa Dola Huru ya Kongo, na upande wa mashariki, pamoja na Kisiwa cha Kilwa, ukawa wa Waingereza. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yalimshambulia Mwata Kazembe na kuuteka mji wake. Tangu hapo chungu cha Nachituti kina mikono miwili inayokishika, na kila mkono una sheria zake.

Soko la shaba na mwisho wa mpumbu

Samaki aliyelipa ziwa hili sifa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni mpumbu, ambaye wanasayansi humwita Labeo altivelis. Ni samaki mkubwa, mnono, mwenye tabia iliyomponza. Mvua zinapoujaza Luapula, mpumbu huondoka ziwani kwa makundi makubwa na kuupanda mto kwenda kutaga mayai katika maji yaliyofurika. Safari hiyo hupita njia ileile, msimu uleule, kila mwaka. Anayesimama na wavu mdomoni mwa mto hahitaji kumtafuta samaki huyu, atamngojea tu.

Kwa karne nyingi watu walimngojea kwa mitego ya miti na nyavu za nyuzi za mimea, naye mpumbu aliendelea kupanda. Badiliko lilitoka mbali na maji. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na kampuni ya Union Minière ilikuwa inachimba shaba ya Katanga. Wachimbaji walihitaji kulishwa, na chakula cha bei nafuu chenye nguvu kilikuwa samaki. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga, kwenye ukingo wa Luapula upande wa Kongo, wakaleta boti za injini, barafu na malori. Baadaye migodi ya Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini nayo ikafunguliwa, ikaongeza njaa ya samaki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shaba ilihitajika kuliko wakati wowote, na kila tani ya shaba ilikuwa na magunia ya samaki nyuma yake.

Mvuvi wa Luapula alipata fedha za kulipia kodi ya kichwa, ada za shule, baiskeli na nyumba ya matofali. Alinunua nyavu za makila, yaani nyavu za kusimamisha majini ili samaki anase anapojaribu kupita. Nyavu hizo zilitegwa hasa pale ambapo mpumbu hupita akiwa na mayai tumboni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha.

Hapo sasa tuirudie sentensi ya insha. Je, mpumbu aliangamizwa na wananchi wasio na elimu? Wavuvi wa Luapula ndio walioshika nyavu. Hilo halina ubishi. Lakini wavu ulitoka kiwandani ng'ambo, barafu ilikuwa ya mchuuzi wa Kasenga, bei ilipangwa na mahitaji ya mgodi, na kodi iliyomlazimu mvuvi kutafuta fedha ilidaiwa na serikali ya kikoloni. Serikali hiyohiyo, ilipotambua hatari, ilileta kanuni za nyavu na za msimu bila kuligusa soko. Wenye maji wa zamani walikuwa wamekwisha kuvuliwa mamlaka yao, na baadhi ya machifu walikuwa sasa watumishi wa serikali waliotakiwa kuzisimamia kanuni wasizozitunga. Haishangazi kwamba katika miaka ya 1950 upinzani dhidi ya kanuni za uvuvi uliungana na upinzani dhidi ya ukoloni. Mtu aliyekamatiwa wavu wake hakuona uhifadhi. Aliona mkono uleule uliomdai kodi.

Tukumbuke pia kwamba katika jambo hili elimu haikukosekana. Waliojua zaidi kuhusu safari ya mpumbu walikuwa wavuvi wenyewe. Walijua siku zake, njia zake na mahali pa mazalia yake, na ujuzi huohuo, ulipopata wavu wa kisasa na mnunuzi asiyetosheka, ndio uliommaliza samaki.

Kutoka perege hadi chisense

Ziwa halikufa. Baada ya mpumbu, zamu ilikuwa ya perege, ambaye huko huitwa pale. Nyavu za nailoni zilizoenea kuanzia miaka ya 1950 hazikuoza upesi kama zile za pamba, na mvuvi mmoja aliweza kutega nyingi. Baada ya Kongo kupata uhuru mwaka 1960 na Katanga kuingia katika machafuko, biashara ya Kasenga ilididimia na soko likaelekea Ukanda wa Shaba wa Zambia. Miaka ilivyopita, perege waliopatikana walizidi kuwa wadogo, na matundu ya nyavu yakazidi kubana kuwafuata. Njia nyingine ikashamiri, iitwayo kutumpula kwa Kibemba, ambapo wavuvi huuzungusha wavu na kuyapiga maji kwa magongo ili samaki washtuke na kukimbilia ndani. Njia hiyo imepigwa marufuku, nayo inaendelea.

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani iliporomoka. Waliopoteza kazi migodini hawakuwa na mahali pa kwenda ila nyumbani, na kwa mtu wa Luapula nyumbani ni majini. Hapa tunaona jambo ambalo insha zetu hazilitaji: mgodi ulipostawi ulilila ziwa, na mgodi ulipoanguka ulilirudishia ziwa watu wenye njaa.

Waliookolewa wakati huo waliokolewa na samaki mdogo kuliko wote. Chisense ni jamii ya dagaa wa maji ya wazi, ambaye jina lake la kisayansi ni Microthrissa moeruensis. Kuanzia miaka ya 1980 wavuvi walianza kumvua kwa wingi usiku wa giza kwa taa za karabai, kama wavuvi wa dagaa wa Kigoma na Ukerewe wafanyavyo. Chisense huanikwa mchangani, hukauka kwa siku moja au mbili za jua, hutiwa magunia na kusafirishwa. Hahitaji barafu, wala mtaji wa Mgiriki wa Kasenga. Kwa sababu hiyo wanawake wengi waliweza kuingia katika biashara hii, wengine wakiwa wachuuzi na wengine wakimiliki nyavu na mitumbwi wanayowakodisha wanaume. Gordon ameandika kwamba uvuvi huu uligawanya kipato kwa watu wengi zaidi kuliko ule wa mpumbu.

Chisense hukua haraka, huzaa haraka na hufa haraka. Huvumilia kuvuliwa kwa wingi kuliko mpumbu, ambaye huchukua miaka kukomaa na kisha hukusanyika mahali pamoja. Je, tuseme basi kwamba ziwa limerejea? Kwa uzito wa samaki wanaotoka majini, ufuko wa Nchelenge haukupata kuwa maskini kama ilivyotabiriwa katika miaka ya 1950. Kwa aina za samaki waliojenga jina la ziwa, ni hadithi nyingine. Mpumbu hakutoweka kabisa, lakini hakurudi kuwa yule aliyelisha migodi.

Maji yanavyorejesha

Kila mwaka kimo cha Ziwa Mweru hupanda na kushuka kwa takriban mita moja na nusu hadi mbili. Kilele ni karibu na mwezi Mei na kina cha chini kabisa ni karibu na Januari. Maji yanapopanda huingia katika nyasi na mafunjo ya bonde la Luapula, huyeyusha rutuba ya samadi na majani yaliyooza, na kuwapa vifaranga vya samaki chakula na maficho. Yanaposhuka huvirudisha ziwani vikiwa vimekua. Mwaka wa mafuriko makubwa huzaa samaki wa miaka inayofuata. Ukame nao huacha pengo.

Utafiti wa maziwa ya kusini mwa Afrika, likiwemo Mweru, uliochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 2003, ulilitilia mkazo jambo hili. Watafiti walionyesha kwamba kupanda na kushuka kwa maji kunaeleza sehemu kubwa ya mabadiliko ya mavuno, na kwamba idadi ya wavuvi huongozwa zaidi na hali ya uchumi nje ya ziwa kuliko na ziwa lenyewe. Watu huingia uvuvini mambo yanapoharibika mjini, na hutoka yanapotengemaa. Hitimisho hilo halifuti kisa cha mpumbu. Kuziba njia ya samaki anayekwenda kutaga kuna madhara yake, mvua inyeshe isinyeshe. Linatuonya tu tusiuhesabu kila upungufu kuwa kosa la mvuvi.

Mwalimu wa sarufi atagundua kwamba vitenzi vyetu vimekwisha kuyatenganisha mambo haya. Ziwa "limeharibika": kauli ya kutendeka, inayotaja hali bila mtenda, nayo inafaa kwa mwaka wa ukame. Ziwa "limeharibiwa": kauli ya kutendwa, ambayo inadai swali la "na nani?" hata kama mwandishi amekwepa kulijibu. Vivyo hivyo ziwa "hurejea" lenyewe mvua zikirudi, na "hurejeshwa" pale tu ambapo kuna mtu aliyefanya kazi ya kulirejesha. Mwanafunzi anayevitumia vitenzi hivi vinne kana kwamba ni kimoja amekosea historia, hata kama ngeli zake ni sahihi.

Kazi ya kurejesha

Kazi ya kurejesha imejaribiwaje Mweru? Njia inayojulikana zaidi ni kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Sheria ya Uvuvi ya Zambia ya mwaka 2011 iliongeza jambo muhimu: inaruhusu kuwepo kwa maeneo maalumu ya usimamizi wa uvuvi yenye kamati ambamo wavuvi na viongozi wa jadi wana nafasi. Kwa lugha ya masimulizi ya Nachituti, sheria inajaribu kumrudisha "mwenye maji" mezani.

Hata hivyo, miezi hiyo mitatu ndiyo miezi ya njaa, kwa kuwa mahindi na mihogo bado iko shambani, na kabla ya mwaka 2022 ada za shule za serikali nazo zilidaiwa Januari. Aidha, mpaka wa 1894 ungali palepale. Malalamiko yanayosikika upande wa Zambia ni kwamba wao wanapokaa nchi kavu, taa za ng'ambo zinaonekana zikiwaka usiku. Samaki hana pasipoti, na marufuku ya upande mmoja humwomba maskini wa upande huo amlishe maskini wa upande wa pili.

Uko pia mfano wa chandarua. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, na vyandarua hugawiwa kwa wingi. Baadhi huishia majini vikikokotwa kwenye maji mafupi, vikizoa hata vifaranga. Ni rahisi kuandika kwamba huo ni ujinga. Anayefanya hivyo anajua mbu anaambukiza nini. Amepima homa ya mwezi ujao na mboga ya leo jioni, akachagua.

Majirani wanatuonyesha njia mbili za kurejesha. Katika Tambarare za Kafue, kusini mwa Zambia, bwawa la Kafue Gorge lilianza kazi mwaka 1972 na lile la Itezhi-tezhi likafuata mwishoni mwa muongo huo. Umeme ulipatikana, lakini mafuriko ya asili yalivurugika. Swala wa majini waitwao lechwe, waliokuwa zaidi ya 90,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipungua hadi chini ya nusu. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni mpya za kufungulia maji ya mabwawa ili kuiga mafuriko. Mazungumzo yaliendeshwa na wenye mabwawa, kwa sababu wao ndio walioushika mkono wa maji.

Huko Usangu, Tanzania, Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi kuanzia mwaka 1993, na kinamasi cha Ihefu kikanywea. Watafiti waliofanya kazi bondeni humo walionyesha kwamba sababu kubwa ya ukavu wa kiangazi ni maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga. Hata hivyo, mwaka 2006 na 2007 walioondolewa kwanza walikuwa wafugaji na ng'ombe wao, wengine wakasukumwa hadi mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wafugaji walikwenda, na mto ukaendelea kukauka. Hapo ndipo sentensi ya insha ilipoacha kuwa ya darasani: "wananchi wasio na elimu" walipewa jina, wakapewa notisi, wakapakia watoto na vyombo.

Kwa Mweru somo la Kafue ni la karibu sana. Luapula haujafungwa na bwawa kubwa, na ndiyo maana mafuriko yake yanaendelea kulilisha ziwa. Lakini maporomoko ya Mambilima na Mumbotuta yametajwa kwa miaka mingi katika mipango ya umeme ya Zambia na Kongo. Umeme unahitajika, na migodi ni ileile. Siku mipango hiyo itakapotimizwa, ratiba ya kufungulia maji itakuwa na uzito kwa samaki kuliko marufuku yoyote anayowekewa mvuvi wa Kabuta, na inafaa yeye awepo inapoandikwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba mpumbu wa Luapula alimalizwa na mnyororo mrefu unaoanzia mgodini, ukapita kwenye reli, barafu, kodi na mpaka, na kuishia mikononi mwa mvuvi. Tumeona pia kwamba sehemu ya uhai wa ziwa ilirejea kwa nguvu ya maji yenyewe na kwa akili ya watu, wanawake wakiwa mbele, waliogeukia samaki mdogo. Kinachobaki kurejeshwa kwa kazi ya makusudi ni njia ya samaki anayekwenda kutaga, kalenda moja ya nchi mbili, na sauti ya mwenye maji.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja. Mwanafunzi anapoandika kwamba mazingira fulani yameharibiwa, asipewe alama za hoja mpaka ataje nani, lini, kwa kifaa gani na kwa soko gani. Anapoandika kwamba yarejeshwe, ataje ni kitu gani kirudi, na ni nani atakayekaa bila chakula wakati kinangojewa. Zoezi hili linaweza kufanywa kwa Nyanza, Naivasha, Rufiji, Yala au Usangu, mahali popote ambapo mwanafunzi anaweza kuwauliza wazee na kusoma kumbukumbu. Litamfundisha kauli za vitenzi vizuri kuliko jedwali la ubaoni, na huenda likamwepusha, atakapokuwa afisa wa serikali, kumwandikia notisi mtu asiyehusika.